Dakika Mbili za Mpira wa Amerika

Nilichomoa waya bila kuuliza mtu. Nilipanda juu ya benchi na mtoto amefungwa kifuani, nikaivuta plagi ya televisheni kwa mkono mmoja mpaka soketi ikatoka nusu ukutani, na wale wanaume wa helmeti wakazimika wote pamoja. Ukumbi wa kungojea ukawa kimya. Ndipo watu wakasikia vile mtoto wangu alikuwa akipumua.

Karani alinijia mbio kama mtu ameibiwa.

"We mama, uko sawa kweli? Imebaki sekunde kumi na moja tu."

"Imebaki tangu saa ngapi?" nikamuuliza.

Alikuwa akiangalia kioo cheusi, hakuwa akiniangalia mimi.

Naandika haya kwa sababu habari yenyewe imezunguka Wabera yote, mtaa wetu hapa Isiolo, na kila mtu ameitia chumvi yake. Kuna wanaosema nilivunja televisheni ya kaunti. Sikuvunja kitu. Kuna wanaosema mimi ni mtu wa hasira tu. Hiyo ni kweli, lakini hasira haianzi siku ile inayoonekana.

Nilikuwa nikienda kliniki ile kila Alhamisi. Binti yangu alizaliwa mzito, akanyonya vizuri, halafu alipofika miezi saba akaanza kushuka. Katika kitabu cha kliniki kuna mstari unaopanda, na nesi anaweka nukta kila mara mtoto akipimwa. Nukta za wangu zikaanza kutoka chini ya mstari kama mbuzi aliyeachwa na wenzake. Wakampima mkono kwa ule utepe wenye rangi. Kijani ni mzima, nyekundu unalazwa. Wangu alisoma manjano, katikati. Tukaandikishwa kwa wale wa kila wiki: unakuja, anapimwa, unapewa pakiti za siagi ya njugu, unarudi nyumbani kuomba Mungu hiyo manjano isigeuke.

Kwa hivyo Alhamisi ndiyo ilikuwa siku yangu. Siku zingine zote sikuwa na mtu wa kuongea naye. Mimi ni Mmeru. Nilipomaliza kidato cha nne nilimpenda Mborana, nikasilimu, tukaoana. Kwetu walisema wamenizika. Kutoka kwetu hadi Isiolo ni kama saa moja kwa gari na barabara ni lami, lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeijua njia. Kwa upande wa mume wangu walikuja mara moja, wakaona mtoto, wakaongea Kiborana mbele yangu wakati mimi nikichemsha chai, wakarudi zao Merti. Mume wangu ni taniboi, msaidizi wa dereva, wa lori la kupeleka bidhaa huko Merti. Anaenda wiki mbili, mto Ewaso Nyiro ukijaa zinakuwa tatu, na simu yake huko inashika mtandao ikitaka. Mimi nilibaki na chumba kimoja nyuma ya duka, upepo wa Isiolo ukipiga mabati mchana kutwa, na mtoto ambaye bado hajui kusema hata neno moja. Kuna wiki nilifika Alhamisi nikafungua mdomo kusalimia, sauti ikatoka imekwaruza kwa sababu sikuwa nimeitumia.

Sasa nieleze foleni yetu. Pale hatupangi foleni kwa miili. Tunapanga kwa vitabu. Ukifika unaweka kitabu cha mtoto juu ya rundo kwenye dirisha la karani, unaenda kukaa. Karani analigeuza rundo, aliyekuwa chini anaitwa kwanza. Akiinuka kidogo anaweka jiwe juu ya vitabu, kwa ajili ya upepo. Jiwe likiwa juu, hakuna mtu anaingia kwa nesi. Hakuna aliyetunga hiyo sheria. Ilikuwa tu hivyo, na sisi wote tuliiheshimu kuliko Katiba.

Karani mwenyewe alikuwa kijana wa kutoka upande wa kwetu. Wamama walimwita daktari kwa sababu ya koti jeupe, na hakuwahi kuwakosoa. Mimi nilijua ni karani. Siku ya kwanza alisoma jina kwenye kitabu changu, akaniangalia na hijabu yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Muga." Ni salamu ya kwetu. Nilikuwa sijaisikia mwaka mzima. Nilijibu haraka nikageuza uso, nisije nikalia mbele ya dirisha kwa sababu ya salamu.

Televisheni ililetwa na wafadhili ili tufundishwe kunyonyesha. Ilikuwa na katuni moja ya mama akinawa mikono. Tuliitazama mpaka diski ikakwaruzika, yule mama akawa ananawa mkono mmoja tu bila mwisho. Basi karani akaja na flashi yake. Binamu yake aliye Amerika alikuwa akimtumia mechi, mpira wa kule, si mpira wetu. Karani alikuwa amejaza makaratasi ya kwenda huko pia, na alikuwa akisubiri.

Niseme wazi: ule mchezo ni wa kuchosha. Mara ya kwanza nilidhani mashine imekwama. Wanaume wanainama, wanaangaliana, mmoja anapiga kelele, wanagongana kama madume ya ng'ombe, sekunde nne imeisha. Halafu wanasimama. Wanafanya mkutano. Wanatembea. Wazee wenye mashati ya mistari wanatupa kitambaa chini, nao pia wanafanya mkutano. Kisha tangazo. Na matangazo yenyewe ni ya nyama. Nyama inachomwa, jibini inavutwa kama kamba, mtu anafungua mdomo. Sisi tumekaa chini yake na watoto wa manjano, na wengine wetu tumefunga Ramadhani, tunatazama mkate wa nyama mkubwa kuliko kichwa cha mtoto.

Kulikuwa na nyanya mmoja, akko kama Waborana wanavyosema, aliyekuwa akimleta mjukuu wake. Alikaa kando yangu kila wiki kwa sababu benchi lile liko kivulini. Siku moja alitazama muda mrefu, akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Hawa nagombania nini?"

Nikamwonyesha ule mpira, umechongoka huku na huku.

"Hiyo ni kibuyu ya maziwa," akasema. "Wote nagombania, hakuna moja nakunywa."

Nilicheka mpaka mtoto akashtuka.

Karani alikuwa akitoka dirishani, jiwe juu ya vitabu, anakuja kusimama karibu nasi. Nilimwambia huu si mchezo, ni foleni. Akasema mimi sielewi. Akanielewesha. Una nafasi nne za kusogea hatua kumi. Ukifika, unapewa nne zingine. Ukishindwa, unawapa wenzako mpira. Kila wanapogongana kuna mpango, kila mtu ana kazi yake, na yule anayerusha amesoma kitabu kizima cha mipango. Nilimwambia kwa mpira wetu mtu akianguka anainuka, mambo yanaendelea, na dakika tisini ni dakika tisini. Akasema mpira wetu ni wa kukimbiakimbia, unaweza kukaa saa nzima bila goli. Nikamwambia hata kwako nimekaa saa nzima na sijaona nesi. Alicheka. Tulibishana hivyo wiki baada ya wiki, nusu Kimeru nusu Kiswahili, na nikirudi nyumbani nilikuwa nikipanga nitakachomjibu Alhamisi ijayo.

Siku moja nilimuuliza anapata raha gani hasa. Hakufanya mzaha.

"Binamu yangu anasema Jumatatu kazini watu wote wanaongea hii tu," akasema. "Yeye alikaa mwaka mzima akila peke yake. Mimi sitaki kufika huko nikae kama nguzo."

Nilijua kukaa kama nguzo ni nini, na sikuwa nimevuka bahari yoyote.

Na kuna Alhamisi moja ambayo lazima niiseme, hata kama inaniaibisha. Kijana mmoja mfupi, aliyekuwa amekaa tu mechi yote, aliudaka mpira karibu na mstari wa kwao. Wakamrukia watatu, akapita. Wawili wengine, akapita. Akakimbia uwanja wote, na mimi nikajikuta nimesimama nikimpigia kelele kwa Kimeru akimbie, akimbie, kana kwamba ni ndugu yangu na amebeba kitu chetu. Alipofika nilikaa chini nikiwa na aibu. Ukumbi mzima ulikuwa ukinicheka. Wale wamama ambao tangu nianze kuja walikuwa wakinijibu salamu tu, mmoja alinisogezea kitambaa cha kufuta jasho, mwingine akamchukua mtoto wangu akampakata, akko akanipiga paja akisema nimekuwa wazimu kama daktari. Hiyo ndiyo siku niliyokuwa na watu katika mwaka ule mzima. Kwa hivyo mtu asije akaniambia sikuelewa ule mchezo.

Sasa ile siku.

Mtoto aliamka amechemka. Wakati wa adhana ya alfajiri mwili wake ulikuwa unachoma kupitia leso. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, nikasema afadhali, naenda pale pale. Boda ilinishusha kabla jua halijawa kali. Kulikuwa na vitabu vitatu mbele yangu. Nikaweka changu, nikamwambia karani mtoto ana homa. Ukutani, juu ya kichwa chake, kuna karatasi imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba mtoto mwenye homa apelekwe kwa mhudumu mara moja. Ameibandika yeye mwenyewe.

Mechi ilikuwa imefika mwisho. Alikuwa tayari ameinuka na jiwe lilikuwa juu.

"Dakika mbili, dada," akasema. "Zimebaki dakika mbili. Ikiisha nakuita wa kwanza, hata hao watatu watangoja."

Niliangalia kioo. Kweli, pale chini ilikuwa imeandikwa dakika mbili.

Mtu mwingine yeyote angeamini kwa kutojua. Mimi nilijua. Nilikuwa nimekaa chini ya televisheni ile miezi. Mpira ukianguka chini, saa inasimama. Mtu akitoka nje ya mstari, saa inasimama. Mwalimu wao akiinua mkono, saa inasimama. Dakika mbili za mwisho za mpira wa Amerika unaweza kupika maharagwe. Nilijua hayo yote na bado nikaenda nikakaa. Alikuwa ameniita dada. Alikuwa mtu pekee katika mji ule aliyekuwa akinisalimu kwa lugha yangu, na sikutaka kuwa mama wa kelele mbele yake. Na nitasema lote: nilipokaa, nilitazama. Timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi tatu.

Akko alimgusa mtoto shingoni. Akautoa mkono haraka.

"Ingia," akaniambia. "Mlango hakuna kufuli."

Nikamwambia vitabu havijaitwa, jiwe bado liko juu.

Akanitazama. "Kwani ni kitabu iko mgonjwa?"

Nimemaliza kidato cha nne. Yeye hajawahi kuingia darasani. Na bado mimi ndiye niliyebaki nimekaa, nikingojea jiwe.

Niliangalia saa ya simu mara nyingi. Dakika mbili zikawa moja na nusu. Tangazo la nyama. Moja na nusu ikawa moja. Mkutano. Karani alikuwa amesimama mikono kichwani, akisema peke yake, rusha, rusha. Dakika thelathini na nne zilikuwa zimepita kwa simu yangu mtoto alipokaza. Mgongo ukawa mbao. Macho yakapanda juu, yakabaki meupe. Mkono wake mdogo ukaanza kupiga kifua changu, mapigo ya haraka, kama mtu anayebisha mlango.

Watu huniuliza mbona sikukimbilia mlango wa nesi. Sijui. Mkono wangu ulienda kwa waya. Mlango aliufungua akko, akamwita nesi kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Nesi alimnyang'anya mtoto kutoka kifuani kwangu. Walimvua, wakamfuta kwa maji, wakampa dawa ya kutuliza degedege kwa njia ya chini, wakamtoboa kidole. Malaria. Nilisimama pembeni nikiwa na leso tupu. Nesi, bila kuinua kichwa, aliniuliza nimefika saa ngapi. Nikamwambia. Mikono yake ilisimama kidogo.

"Na huyu ni wa manjano," akasema. "Huyu hana akiba. Mbona hukuingia?"

Nilianza kuikunja ile leso.

Alilazwa siku tatu. Utepe ulisoma nyekundu siku ya pili, na siku ya tatu ukarudi manjano kwa upana wa ukucha. Alinyonya. Siku hiyo ndiyo nililia.

Karani alikuja wodini asubuhi ya pili. Alisimama mlangoni na pakiti ya maziwa, hakujua aiweke wapi. Akasema hakujua ni hivyo. Nikamwambia nilimwambia. Akasema kila mtoto pale huwa na homa, hawezi kukimbia kwa kila mmoja. Halafu akaja karibu, akashusha sauti, akahamia Kimeru. Alikuwa amesikia nataka kuandika barua. Akasema makaratasi yake ya safari yalikuwa yamekaribia, barua mbaya katika faili lake ingeharibu kila kitu. Akasema mimi ni wa kwao, siwezi kumfanyia hivyo.

"Wa kwetu hawajui njia ya kuja hapa," nikamwambia. Nilimjibu kwa Kiswahili.

Aliweka maziwa kwenye dirisha akaondoka. Hajanisalimu tena kwa Kimeru tangu siku hiyo, na mimi sijamdai salamu.

Mume wangu nilimpata kwa simu jioni. Alishukuru Mungu mara tatu, kisha akasema mtoto amepona, wacha mambo ya maofisi, utarudi hapo hapo na mtoto huyo huyo. Nilitaka kumwambia kwamba hakuwepo. Mtandao ukakatika kabla sijasema, na pengine ilikuwa heri.

Kliniki ina sanduku la maoni. Nilichungulia kupitia tundu nikaona karatasi za peremende. Kwa hivyo nikanunua fulskepu, nikaandika barua kama tulivyofundishwa shuleni, anwani mbili na MINT, yaani mintarafu, iliyopigiwa mstari, nikaibeba mwenyewe. Zamani, wazee husema, malalamiko ya hospitali yalipelekwa Nairobi yakafia njiani. Sasa afya ni ya kaunti, na ofisi ni mwendo wa miguu kutoka Wabera. Nilitembea na mtoto mgongoni.

Katibu wa ofisi aliisoma barua yote mbele yangu, polepole, akinitazama juu ya miwani. Akaniuliza huo mpira wa Amerika ni kitu gani. Nikamweleza. Nilimweleza nafasi nne, hatua kumi, saa inayosimama, kitabu cha mipango. Nilipomaliza niligundua nimeongea muda mrefu kuliko nilivyoongea na mtu yeyote tangu nitoke wodini.

"Kwa hivyo ni mchezo mtamu ama ni wa kuchosha?" akauliza.

Nikamwambia inategemea umekaa na nani, na ni nani anakungoja.

Aligonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Ninayo hapa. Inasema hivi:

MINT: MALALAMIKO JUU YA KUCHELEWESHWA KWA MTOTO MGONJWA

Mimi ni mama wa mtoto wa miezi kumi na mmoja anayehudhuria kliniki ya lishe kila Alhamisi. Alhamisi iliyopita nilifika na mtoto mwenye homa kali. Nilimjulisha karani. Aliniambia ningoje mchezo uishe katika televisheni. Tulingoja zaidi ya nusu saa. Mtoto alipata degedege akiwa kifuani mwangu, hatua sita kutoka mlango wa nesi. Nesi alimhudumia vizuri na ninamshukuru.

Siombi karani afutwe kazi. Ninaomba mambo matatu. Mtoto mwenye homa aingie bila kungoja kitabu chake kiitwe. Karani asiweze kusimamisha foleni kwa sababu yake mwenyewe. Na wamama waambiwe waziwazi, kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana na Kimeru, kwamba mlango ule wanaweza kuufungua wenyewe, kwa sababu karatasi ya ukutani imeandikwa kwa Kiswahili na wengi hawaisomi, na mimi ninayeisoma sikuitii.

Ninaomba pia iandikwe kwamba nilikuwa nikitazama mchezo huo mimi mwenyewe. Sitaki mtu aligundue hilo baadaye aseme nilificha.

Nilizima televisheni. Sikuivunja. Soketi inahitaji skrubu mbili.

Mtoto bado yuko manjano. Alhamisi nitakuja naye kupimwa kama kawaida, na ninatarajia kuhudumiwa.